BINTI YETU AMEJIUNGA NA WAPIGA MAKASIA

Mama mmoja wa Newala alifika ofisini kwetu hapa Ndanda akiwa ameshika simu mkononi. Tulimkaribisha kiti, hakukaa. Alitunyoshea ile simu akasema, "Dada zangu, hebu nitazamieni. Huyu ni mwanangu kweli?"

Katika picha tuliona wasichana wanane wameketi mmoja nyuma ya mwingine ndani ya chombo chembamba mno, kila mmoja ameshika kasia refu kuliko yeye mwenyewe. Wa tisa, mdogo wa mwili, alikuwa ameketi nyuma kabisa ya chombo akiwatazama wenzake usoni. Juu ya maji kulikuwa na ukungu. Mmoja wa wale wanane ndiye binti yake, aliyekwenda Uingereza kwa ufadhili kusoma shahada ya pili. Mwaka wake wa kwanza haujaisha, na tayari amejiunga na klabu ya wapiga makasia ya chuo kikuu.

"Nilimpeleka akasome," akasema mama, "naye amekwenda kuwa mvuvi!"

Tulicheka, naye akacheka, lakini tuliona kwamba moyo wake ulikuwa mzito. Mama huyu alikulia juu ya uwanda, zamani zile ambapo akina mama wa Newala waliteremka ukingo mpaka bondeni kutafuta maji na kupanda nayo kichwani. Kwake maji ni kitu cha kubebwa, cha kuwekewa akiba, cha kugombewa. Mto anaoufahamu ni Ruvuma, unaoonekana kwa mbali ukisimama pale Shimo la Mungu, nao ni mto wenye mamba. Kwamba mtu mzima, msomi, aamke saa kumi na moja alfajiri kwenye baridi ya Ulaya aende mtoni kwa hiari yake, bila ndoo, hilo hakulielewa. Na sisi, tukiri, hatukulielewa vizuri sana.

Tulimwahidi kwamba tutalichunguza. Haya ndiyo tuliyoyapata, nasi tumeona tuyaandike hapa kwa sababu mabinti zetu sasa wanakwenda vyuo vya mbali, na mama mwingine anaweza kuletewa picha kama hiyo kesho.

KAFI NA KASIA

Wasomaji wetu wa Lindi na Mikindani hawahitaji kuambiwa tofauti ya kafi na kasia, lakini sisi wa bara tunachanganya. Kafi ni fupi, halikufungwa popote, na mwenye kulitumia hutazama mbele anakokwenda. Ndilo lililotuvusha Ruvuma kwa mitumbwi kabla ya Daraja la Umoja la Mtambaswala kufunguliwa mwaka 2010. Kasia ni refu, limeshikizwa kwenye ubavu wa chombo, na anayelivuta huketi akiwa ameupa mgongo upande anaokwenda.

Basi wale wasichana wanane hawaoni mbele. Anayeona ni yule wa tisa tu, mshika usukani. Yeye havuti kasia. Kazi yake ni kuongoza, kuita mapigo na kuwaambia wenzake kinachokuja. Chombo chenyewe kina urefu wa mita 17 au 18, lakini upana wake ni kama nusu mita tu, na kwa sheria za mashindano ya kimataifa kinaweza kuwa na uzito wa kilo 96 tu. Viti vyake vina magurudumu madogo vinateleza mbele na nyuma, hivyo nguvu kubwa haitoki mikononi kama tulivyodhani bali miguuni. Mmoja akichelewesha kasia lake nukta moja, chombo chote kinayumba. Akinasa kasia majini, linaweza kumgonga tumboni likamtupa nje.

Kwa Waingereza mchezo huu ni wa zamani vyuoni. Oxford na Cambridge walishindana kwa mara ya kwanza tarehe 10 Juni 1829, huko Henley. Siku hizi mashindano yao hufanyika karibu na Pasaka kwenye mto Thames, London, kutoka Putney hadi Mortlake, umbali wa kilomita 6.8. Ni kazi ya dakika 17 hadi 20 hivi, ambayo wanafunzi hao hujiandaa kwayo tangu Septemba, siku sita kwa wiki, mara nyingi mara mbili kwa siku, na hakuna anayelipwa hata senti. Thames si mto wa mchezo. Mwaka 1912 vyombo vyote viwili vilijaa maji, ikabidi mashindano yarudiwe. Mwaka 1978 chombo cha Cambridge kilizama mbele ya watu.

Lakini wanafunzi wengi hawafikii timu ile kubwa ya chuo kikuu. Wanapiga makasia katika klabu ndogo za vyuo vyao vya ndani, na huko ndiko kwenye mashindano yaliyotufurahisha zaidi. Mto Cam wa Cambridge ni mwembamba, vyombo viwili haviwezi kwenda sambamba. Basi wamebuni njia yao: vyombo hupangwa mstari mmoja nyuma ya mwingine, mzinga unapigwa, na kila chombo kinamfukuza aliye mbele yake ili kimguse, huku kikimkimbia aliye nyuma. Ukimgusa, kesho mnabadilishana nafasi. Hivyo kwa siku nne. Chombo kinachomaliza cha kwanza, wenyewe huchoma moto mashua kuukuu kwa shangwe. Mama yetu aliposikia hilo aliuliza kama mashua hiyo isingefaa kupewa mtu mwenye shida.

Wala si mzaha mtupu. Mwaka 1888 mwanafunzi mmoja alikufa katika mashindano hayo, baada ya kuchomwa na ncha ya chombo kilichokuwa kikimfuata. Ndiyo maana hadi leo kila chombo cha mbio kina mpira mdogo mweupe kwenye ncha. Mama akitazama picha ya bintiye kwa makini atauona.

WASICHANA WALIINGIAJE

Hapa tuliketi chini tukasoma kwa muda mrefu, maana ndipo palipotugusa.

Wasichana wa Oxford na Cambridge walikutana kwa mara ya kwanza mwaka 1927, karibu miaka mia moja baada ya kaka zao. Hawakuruhusiwa hata kushindana sambamba. Walipita mmoja mmoja, na waamuzi wakatoa alama kwa mwendo na kwa uzuri wa kupiga makasia, kana kwamba ni mashindano ya kushona. Kando ya mto kulisimama umati wa watu, wengine wakiwazomea. Baadaye, kwa miaka mingi hadi 2014, wasichana walishindana Henley kwa mita 2,000, wakati wavulana walikuwa London na kamera za televisheni. Ilipofika Aprili 2015 ndipo kwa mara ya kwanza walipiga makasia kwenye maji yale yale, umbali ule ule, siku ile ile. Mwaka uliofuata mawimbi yalijaza chombo cha wasichana wa Cambridge kikawa nusu kimezama. Hawakuacha. Walimaliza mbio wakiwa wameketi majini.

Katika Michezo ya Olimpiki nako wanaume walipiga makasia tangu mwaka 1900, wanawake wakaruhusiwa mwaka 1976, tena kwa mita 1,000 tu. Nusu ya wanaume! Mita 2,000 walipewa mwaka 1988.

Kisa kilichotukalisha kimya ni cha Marekani. Nchi hiyo ilipitisha sheria mwaka 1972 ya kukataza ubaguzi wa wanawake katika vyuo vinavyopokea fedha za serikali. Lakini sheria ni karatasi. Katika chuo kikuu cha Yale wasichana wa klabu ya makasia walifanya mazoezi kwenye mto ule ule na wavulana, mbali na chuo, na wote walirudi kwa basi moja. Kule mtoni palikuwa na mabafu ya wavulana. Ya wasichana hayakuwapo. Basi wasichana walimaliza mazoezi wameloa jasho na maji ya mto, kwenye baridi ya kugandisha, wakapanda basi na kukaa wakitetemeka kuwasubiri wavulana waoge maji ya moto na kubadili nguo. Waliugua. Waliomba, wakaambiwa wasubiri. Tarehe 3 Machi 1976 wasichana 19 wakiongozwa na nahodha wao Chris Ernst waliingia katika ofisi ya mkuu wa michezo ya wanawake, wakavua nguo, na juu ya miili yao walikuwa wameandika jina la sheria ile. Nahodha akasoma barua yao: hii ndiyo miili ambayo chuo kinaitumia vibaya. Habari zilitoka katika magazeti, na haikuchukua miaka, mabafu yakajengwa.

Hatusemi mabinti zetu wafanye vile. Tulipomsimulia mama wa Newala alifunika uso kwa khanga. Kisha akasema polepole kwamba yeye alipokuwa shule, siku zake zilipofika hakwenda darasani kwa sababu choo hakikuwa na mlango, wala maji. Siku tatu, nne, kila mwezi. Hakumwambia mtu, wala hapakuwa na wa kumwambia. Tulikuwa akina mama watatu mle ofisini na kila mmoja alikuwa na hadithi yake ya kufanana na hiyo. Tulikaa kidogo bila kusema.

WA KWETU

Je, mchezo huu ni wa wazungu tu? Kule Ziwa Viktoria watasema hapana. Kwa miaka mingi Mwanza, Ukerewe, Musoma na Bukoba walikuwa na mashindano ya mitumbwi ya Balimi, ya wanaume na ya wanawake, na akina mama wa visiwani walivuta makafi yao mbele ya umati mkubwa. Mdhamini alikuwa bia, jambo ambalo baadhi yetu hatulipendi, lakini mabega ya wale akina mama hayakutokana na bia.

Na kwa makasia yenyewe, majirani zetu wametangulia. Kathleen Noble alizaliwa Uganda, wazazi wake wakiwa Waairishi waliokwenda huko kama wamisionari. Aliwahi kuiwakilisha Uganda katika kuogelea. Kupiga makasia alianza alipokwenda kusoma chuo kikuu cha Princeton, Marekani, bila kuwa ameshika kasia kabla ya hapo. Akawa Mganda wa kwanza kupiga makasia katika Olimpiki, kule Tokyo mwaka 2021, akarudi tena Paris mwaka 2024, peke yake ndani ya chombo cha mtu mmoja.

Kenya wana Asiya Mohammed Sururu wa Mombasa. Alipokuwa na miaka miwili aligongwa na treni akapoteza miguu yote miwili na baadhi ya vidole vya mikono. Tumeeleza hapo juu kwamba nguvu ya kasia hutoka miguuni. Yeye hana. Katika kundi lake mchezaji hufungwa mkanda kifuani kwenye kiti kisichoteleza, akavuta kwa mabega na mikono peke yake. Mwaka 2021 alikwenda Tokyo katika Michezo ya Olimpiki ya Walemavu, mwanamke wa kwanza wa Kenya katika mchezo huo, akapiga mita 2,000 zote. Nafasi zao, yeye na Kathleen, walizipata katika mashindano ya Afrika yaliyofanyika Tunisia mwaka 2019.

MASWALI YA MAMA

Mama yetu alisikiliza yote haya kwa adabu. Mwisho akasema, "Sawa, nimefurahi. Lakini mimi ni mama. Nambieni, mwanangu atazama? Atafeli? Atakonda?"

Kuhusu kuzama. Klabu za vyuo vya Uingereza kwa kawaida hazimwachi mwanafunzi aingie kwenye chombo mpaka aonyeshe kwamba anajua kuogelea, yapata mita 50, tena akiwa amevaa nguo. Mama alishangaa: binti yake hakujua kuogelea alipoondoka Newala. Angejulia wapi? Kumbe alijifunza hukohuko, bwawani, akiwa na miaka 24, kabla ya kugusa kasia. Tunaona hili ndilo jambo la kuigwa kabla ya mengine yote. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, wakafa mamia ya watu. Septemba 2018 MV Nyerere ikapinduka ikiwa inakaribia kabisa kisiwa cha Ukara, wakafa zaidi ya 220. Hatusemi kuogelea kungewaokoa wote; wengi walinaswa ndani. Lakini ni wangapi kati yetu tunaopanda boti na watoto mgongoni hali hatuwezi hata kuelea dakika moja?

Maji yenyewe nayo yana mambo. Sisi tunawaonya watoto wasicheze kwenye maji yaliyotuama kwa ajili ya kichocho. Tulidhani Ulaya hawana shida hiyo. Basi mwaka 2024, kabla ya mashindano ya Oxford na Cambridge, Thames ilipimwa ikakutwa na bakteria wa kinyesi kwa wingi, kwa sababu ya maji ya vyooni yanayomwagwa mtoni. Wapiga makasia waliambiwa wafunike vidonda, wasimeze maji, na washindi wasimtupe mtoni mshika usukani wao kama ilivyo desturi. Binti anawe mikono kwa sabuni kabla ya kula, kama alivyofundishwa nyumbani.

Kuhusu masomo, inategemea binti mwenyewe. Mazoezi ya alfajiri yanamlazimisha kulala mapema, na wengi husema yamewapangia siku. Wengine wamelemewa. Mwaka wa mitihani mwanafunzi mwenye akili hupunguza.

Kuhusu kukonda, hapo tulimwomba mama avute kiti karibu. Katika mchezo huu kuna kundi la wepesi, ambalo kwa wanawake kikomo chake cha kimataifa ni kilo 59. Msichana mwenye kilo 62 ambaye hapati nafasi katika timu ya wazito anaweza kushawishika ajipunguze. Anaruka chakula, anakunywa maji kidogo, na huku anavuta makasia saa mbili kila siku. Mwili ukikosa chakula cha kutosha kwa kazi kubwa namna hiyo huanza kubana matumizi, na dalili ya mapema ni hedhi kukoma. Wasichana wengine hufurahia, wakidhani wamepumzishwa usumbufu. Si jambo la kufurahia. Mifupa inadhoofika, inaweza kupasuka bila hata kuanguka, na hali ikiendelea uzazi nao unaweza kusumbuka. Daktari huwa hajui mpaka aambiwe. Kocha, hasa akiwa mwanamume, mara nyingi haulizi. Katika Olimpiki kundi hilo la wepesi limemalizika Paris mwaka 2024, lakini vyuoni bado lipo.

Mama aliichukua tena simu yake akaitazama ile picha, safari hii kwa muda mrefu. Akaikuza kwa vidole mpaka ukabaki uso wa bintiye peke yake. "Mashavu," akasema. Hakuongeza neno.

Alituomba karatasi. Tulikaa naye tukaandika maswali sita ya kumtumia. La kwanza, unakula nini asubuhi kabla ya kwenda mtoni? La pili, umewekwa kundi gani, la wepesi au la wazito? La tatu, nani daktari wa klabu? La nne, kule mtoni mnaogea wapi? La tano lilihusu mitihani. La sita mama alilisema kwa Kimakonde kwanza, kisha sisi tukalitafutia maneno ya heshima kwa Kiswahili: siku zako unaziona?

Tulidhani binti atachukia kuulizwa hivyo. Wiki iliyofuata mama alitupigia. Binti alikuwa amejibu matano kwa maandishi, vizuri, mpaka kututumia picha ya bakuli la uji wa shayiri. Bafu lipo, na maji ya moto yapo. Mitihani ni mwezi Juni. La sita hakuliandikia. Alipiga simu usiku huo huo, saa nne za kwetu, akaomba mama atoke nje ya nyumba kwanza, wadogo zake wasisikie.